Kuvuta Hewa na Kusukumiwa Hewa: Tofauti za Bloku za Injini na Namna ya Kuzitaja kwa Kiswahili katika Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Shabaha ya makala haya ni kueleza tofauti zilizopo baina ya bloku ya injini inayojivutia hewa yenyewe na bloku ya injini inayosukumiwa hewa kwa tabo, kisha kuchunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia, au chaweza kutumia, ili kuzitenga bloku hizo mbili. Kwa mtazamo wa haraka jambo hili laonekana kuwa ni la mafundi, si la wanaisimu. Lakini istilahi ya ufundi ina sifa moja ambayo istilahi ya uhakiki haina: ikikosea, chuma huvunjika. Mwanafunzi aliyekariri fasili mbovu ya sitiari atapoteza alama katika mtihani. Fundi aliyepewa jina lisilotenga vitu viwili vinavyofanana kwa sura atapoteza fedha za mwenye gari, na pengine gari lenyewe litazimika na mzigo wake katikati ya mlima.

Tumechagua kuzitazama Kisii na Nyamira kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kijiografia. Nyamira ilitengwa na Kisii ikawa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu mwaka 2013 kila moja ina serikali yake ya kaunti. Hata hivyo, kwa sura ya ardhi hiyo ni nchi moja ya milima. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu akipanda kuelekea Keroka na Borabu hukaribia mita 2,000. Katika miinuko hiyo hupita malori yanayokusanya majani mabichi ya chai na kuyapeleka kwenye viwanda kama vile Kebirigo, Nyansiongo na Ogembo. Hupita pia magari ya ndizi, na magari madogo ya abiria, hasa Toyota Probox. Majani ya chai hayangoji: yakikaa garini kwa saa nyingi huharibika. Kwa hiyo nguvu ya injini katika nchi hii si jambo la fahari, bali ni sehemu ya riziki.

Sababu ya pili ni ya kiisimu. Fundi wa Kisii huishi katika lugha tatu. Nyumbani husema Ekegusii. Katika gereji na katika maduka ya spea husema Kiswahili, hasa anapoongea na mteja au mwuzaji aliyetoka kwingineko. Na vitabu vya ufundi alivyosomea, pamoja na mitihani yake, vimeandikwa kwa Kiingereza. Elimu ya bloku hupita katika milango hiyo mitatu kabla ya kufika mkononi, na katika kila mlango yaweza kudondosha kitu.

2. Bloku ni nini?

Bloku ndiyo kiwiliwili cha injini. Ni kipande kimoja kikubwa, aghalabu cha chuma cha kusubu, na katika magari mengi madogo ya siku hizi cha aluminiamu, ambacho ndani yake mna matundu ya mviringo yaitwayo silinda. Katika kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Konrodi huiunganisha pistoni na krenki, nayo krenki hulala chini ya bloku juu ya beringi kuu. Kandokando ya silinda mna njia za maji ya kupoza, na katika kuta za bloku mmetobolewa njia nyembamba za oili. Juu ya bloku hufungwa hedi kwa bolti ndefu, na kati ya hedi na bloku hulazwa gasketi.

Ni muhimu kuyakumbuka mambo haya kwa sababu watu wengi husema ‘injini’ wanapokusudia bloku, na husema ‘bloku’ wanapokusudia bloku pamoja na pistoni, konrodi na krenki zilizomo ndani yake. Katika biashara ya spea maana hii ya pili ndiyo iliyoenea: mwenye gari lililokufa hununua kiwiliwili chote cha ndani bila hedi, mara nyingi kilichotolewa katika gari kuukuu la Japani. Katika makala haya tutatumia neno bloku kwa maana yake finyu, na pale itakapobidi kuhusisha vyuma vya ndani tutavitaja kwa majina.

3. Namna mbili za kupata hewa

Injini huchoma mafuta, na mafuta hayawezi kuungua bila hewa. Kiasi cha hewa kinachoingia katika silinda ndicho kinachoweka mpaka wa mafuta yanayoweza kuchomwa, na hivyo mpaka wa nguvu. Tofauti ya aina hizi mbili za injini huanzia hapo.

Katika injini inayojivutia hewa, pistoni ikishuka huacha nafasi, na hewa ya nje huingia kuijaza nafasi hiyo. Kinachoisukuma hewa hiyo ni kanieneo ya angahewa peke yake. Karibu na bahari, tuseme Mombasa, kanieneo hiyo ni milibari 1,013 hivi. Katika kimo cha mita 1,700 hushuka hadi kiasi cha milibari 825. Halijoto nayo hupungua kadiri mtu anavyopanda, kwa hiyo wingi wa hewa haupungui kwa kadiri ile ile. Lakini bado lita moja ya hewa ya Kisii ina takriban asilimia 85 tu ya hewa iliyomo katika lita moja ya Mombasa. Maana yake ni kwamba injini ya namna hii, ikipandishwa kutoka pwani hadi Kisii, hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake kabla haijaanza kupanda mlima wowote. Ikifika Keroka hupoteza zaidi. Injini haina ugonjwa. Imekosa hewa tu.

Injini ya tabo huitibu hali hiyo kwa kutumia kitu ambacho injini nyingine hukitupa. Moshi unaotoka katika silinda una joto na mwendo mwingi. Tabo ina magurudumu mawili madogo ya mapanga yaliyofungwa katika mhimili mmoja: moja huzungushwa na moshi unaotoka, na la pili, kwa kuwa limeshikamana na la kwanza, huzunguka pamoja nalo na kuisukuma hewa safi kwa nguvu kuelekea silinda. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa iliyobanwa hivyo huingia kwa wingi kuliko ile ambayo angahewa ingeweza kuileta, na mwinuko wa nchi hautishi tena kama awali.

Wazo hili ni la zamani. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905, na kwa miaka mingi lilitumika zaidi katika meli, ndege na malori kuliko katika magari madogo. Watu wa Afrika Mashariki waliliona kwa macho katika mashindano ya magari ya Safari. Kuanzia 1979 hadi 1982 Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo kwa magari ya Datsun yaliyojivutia hewa. Kuanzia 1984 hadi 1986 ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica yenye tabo. Tangu hapo neno ‘tabo’ likawa neno la kawaida hata katika vinywa vya watu ambao hawajapata kufungua injini.

Mfano wa karibu zaidi ni injini mbili za dizeli za Toyota. Injini ya 5L ina ujazo wa sentimita mchemraba 2,986 na hujivutia hewa. Injini ya 1KZ ina ujazo wa 2,982 na husukumiwa hewa kwa tabo. Kwa ujazo zinalingana takriban kabisa. Lakini ya kwanza hutoa kiasi cha nguvu za farasi 100, na ya pili hutoa baina ya 125 na 145 kwa kadiri ya mfano wake. Nguvu hizo za ziada hazikuja bure. Bloku ndiyo inayozilipia.

4. Yanayobadilika katika bloku

Kosa la kawaida ni kufikiri kwamba injini ya tabo ni injini ya kawaida iliyotundikwa tabo ubavuni. Kwa kweli tabo ni sababu, na bloku ndiyo matokeo. Tofauti kuu ni hizi zifuatazo.

Kwanza, uzito wa msukumo. Tuchukue silinda yenye kipenyo cha milimita 100. Eneo la uso wa pistoni yake ni sentimita mraba 78.5. Mafuta ya dizeli yakiwaka na kuleta kanieneo ya bari 100, msukumo juu ya pistoni huwa karibu tani 8. Kanieneo ikipanda hadi bari 150, kama inavyoweza kuwa katika dizeli yenye tabo, msukumo huwa karibu tani 12. Mzigo huo hushuka kupitia konrodi hadi krenki na beringi kuu, na wakati huo huo huisukuma hedi juu ili kuing'oa. Kwa ajili hiyo bloku ya tabo aghalabu huwa na kuta nene zaidi, mbavu nyingi zaidi za kuikaza, vifuniko imara zaidi vya beringi kuu, na bolti za hedi zilizoingia ndani zaidi au zilizo nene zaidi.

Pili, ushikaji wa silinda kwa juu. Katika baadhi ya bloku za aluminiamu, silinda husimama kama vikombe vilivyozungukwa na maji pande zote hadi juu kabisa, bila kushikwa na kuta za nje. Umbo hili ni rahisi kulisubu na hupoza vizuri, lakini silinda zaweza kutikisika msukumo ukizidi. Injini za Subaru zenye ujazo wa lita 2.5 zaonyesha jambo hili wazi: EJ253, inayojivutia hewa, ina silinda zilizo wazi hivyo, ilhali EJ255, yenye tabo, ina madaraja ya chuma yanayoziunganisha silinda na kuta za nje sehemu ya juu. Mtu akizitazama kwa nje hawezi kuzitenga. Sharti hedi ivuliwe.

Tatu, njia za oili. Mhimili wa tabo huelea katika oili. Oili hiyo hutoka katika bloku kwa kanieneo na lazima irudi kwenye sampu kwa kuteremka yenyewe. Kwa hiyo bloku, au sampu yake, huhitaji tundu la kuipokea. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi za tabo kuna vinyunyizi vidogo chini ya silinda vinavyorusha oili kwenye tumbo la pistoni ili kuipoza. Vinyunyizi hivyo huhitaji matundu yaliyotobolewa katika bloku.

Nne, joto. Mafuta mengi yakichomwa katika nafasi ile ile, joto nalo huongezeka. Ndiyo maana njia za maji, pampu ya maji na rejeta za injini ya tabo hupangwa kwa hesabu nyingine.

Tano, vyuma vya ndani. Hivi si bloku kwa maana finyu, lakini huuzwa pamoja nayo. Katika injini za petroli hewa iliyokwisha kubanwa na tabo haipaswi kubanwa mno tena na pistoni, kwani mafuta yatalipuka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo injini za petroli zenye tabo za miaka ya 1980 na 1990 mara nyingi zilikuwa na uwiano wa mbano wa 8 au 9 kwa 1, wakati wenzao waliojivutia hewa walifika 10 au zaidi. Tofauti hiyo imo katika umbo la pistoni na la chumba cha moto.

Baada ya kuyasema hayo, ni lazima kuongeza tahadhari. Viwanda vingine husubu bloku zote mbili katika kalibu moja ili kupunguza gharama. Bloku isiyo ya tabo huweza kuwa na uvimbe wa chuma mahali ambapo tundu la oili lingetobolewa, lakini tundu lenyewe halimo. Fundi asiyejua huona bolti zinaingia, hedi inakaa, gari linawaka, naye huamini kwamba kazi imekwisha. Kasoro hujitokeza baadaye: gasketi huungua, pistoni huyeyuka ukingoni, au beringi hulia. Aghalabu hutokea pale mzigo unapozidi, yaani mlimani.

5. Majina yaliyopo na upungufu wake

Watengenezaji wenyewe hutenga injini hizi kwa alama fupi. Toyota huita dizeli moja 2L na ndugu yake wa tabo 2L-T. Isuzu huita nyingine 4JB1 na 4JB1-T. Mwanaisimu atatambua mara moja kwamba herufi T hapa hufanya kazi ya kiambishi tamati: mzizi ni mmoja, na kiambishi hubadili aina. Lakini kiambishi hiki hupotea kwa urahisi katika usemi. Mteja anayeagiza ‘bloku ya 2L’ kwa simu huenda amekusudia yoyote kati ya hizo mbili, na mwuzaji hana budi kuuliza. Asipouliza, herufi moja iliyomezwa huja kudaiwa kwa maelfu ya shilingi.

Katika Kiswahili cha gereji, upambanuzi uliozoeleka ni ‘injini ya tabo’ na ‘injini ya kawaida’, au ‘isiyo na tabo’. Majina haya yana upungufu wa aina mbili. La kwanza hutaja kifaa kilichofungwa nje, si umbo la bloku, na hivyo humfundisha msikilizaji kwamba tabo ikifunguliwa injini inakuwa ya kawaida, na ikifungwa inakuwa ya tabo. Huo ndio uongo tulioueleza hapo juu. La pili, yaani ‘ya kawaida’, hubadilika maana kwa wakati na mahali. Katika dizeli za miaka ya 1970 injini ya kawaida ilikuwa ile inayojivutia hewa. Katika dizeli za magari mapya iliyo kawaida sasa ni ile ya tabo. Istilahi inayohama namna hii haifai kufundishia.

Wengine wangependa kuifuata sitiari ya Kiingereza na kusema kwamba injini moja ‘inapumua kiasili’. Sitiari hiyo haina budi kukataliwa, kwani katika Kiswahili kupumua ni kuvuta pumzi na kuitoa. Injini zote mbili hupumua kwa maana hiyo. Isitoshe, ni ile ya tabo inayofaidika na pumzi inayotoka. Neno hilo basi halitengi kitu.

6. Pendekezo

Twapendekeza upambanuzi ujengwe juu ya kitenzi, kwa kuwa Kiswahili kina utajiri mkubwa wa minyambuliko. Injini ya aina ya kwanza iitwe ‘injini ya kuvuta hewa’, na ya pili ‘injini ya kusukumiwa hewa’. Bloku zifuate majina hayo hayo. Katika ‘kuvuta’ injini ni mtenda: inajitafutia. Katika ‘kusukumiwa’ injini ni mtendewa: kuna kingine kinachoisukumia hewa, nayo hupokea na kubeba. Mnyambuliko wa kutendea pamoja na ule wa kutendwa husema katika neno moja kwamba mzigo umeletwa kutoka nje, na kwamba bloku ndiyo inayoupokea. Hilo ndilo jambo ambalo ‘ya tabo’ hulificha.

Msemaji wa Ekegusii hatapata taabu na muundo huu. Lugha yake ina minyambuliko iyo hiyo: kutoka gokora, yaani kufanya, hupatikana gokorera, kufanyia, na gokorerwa, kufanyiwa. Matamshi nayo si kikwazo kikubwa. Ni kweli kwamba Ekegusii haina sauti l wala v, na maneno ya kigeni huingia humo yakibadilishwa sauti zake, mengine yakipewa kiambishi e- kama katika egari, wingi wake chigari. Lakini mabadiliko hayo hayaharibu maana. Kinachoharibu maana ni jina lililochaguliwa vibaya tangu mwanzo.

Tahadhari moja inahitajika. Katika Kiswahili cha Kenya husemwa kwamba gari ‘linavuta’ likiwa na nguvu, na kwamba ‘halivuti’ likiwa dhaifu. Kwa hiyo ‘injini ya kuvuta’, bila neno hewa, yaweza kufahamika kuwa ni injini yenye nguvu nyingi, kinyume cha makusudio. Neno ‘hewa’ lisidondoshwe. Wala lisibadilishwe kuwa ‘upepo’, ambalo gereji imekwisha kulipa kazi ya kujaza magurudumu.

Kwa muhtasari twatoa fasili hizi mbili, zinazoweza kuingia katika kamusi au katika kitabu cha mafunzo:

Bloku ya kuvuta hewa: bloku iliyoundwa kuhimili kanieneo ya injini ambayo hewa yake huletwa na angahewa peke yake.

Bloku ya kusukumiwa hewa: bloku iliyoundwa kuhimili kanieneo na joto la injini ambayo hewa yake hubanwa kwa tabo kabla ya kuingia katika silinda, na ambayo kwa kawaida ina njia za ziada za oili.

Ieleweke kwamba fasili zote mbili hueleza bloku kwa kile inachohimili, si kwa kile kilichofungwa ubavuni mwake. Bloku ya kusukumiwa hewa hubaki kuwa hiyo hata tabo ikiwa imefunguliwa na kuwekwa mezani.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba tofauti ya bloku hizi mbili ni tofauti ya mzigo: moja hubeba kile ambacho hewa ya mahali inaweza kuleta, nyingine hubeba zaidi, na kwa ajili hiyo huundwa kwa kuta, bolti na njia za oili za namna nyingine. Katika nchi ya mwinuko kama Kisii na Nyamira, ambako hewa ni haba na milima ni mingi, tofauti hiyo hudhihirika kila siku barabarani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakamilika ikiwa lugha itatumika katika hotuba na kushindwa katika gereji. Kazi ya idara za lugha ni kuchunguza maneno ambayo mafundi wanayo tayari, kuyahifadhi yale yanayofaa, kama vile bloku, hedi, konrodi na sampu, na kuwapa mengine pale ambapo yaliyopo hayatengi maana. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanaisimu aliyeketi ofisini peke yake, wala na fundi peke yake. Ni lazima mmoja amwonyeshe mwenzake chuma, na mwenzake amwonyeshe neno.